Mnaomtolea damu mgonjwa mmoja, mje kwa zamu

Wiki iliyopita kwaya moja ya Katuba ilifika kwetu benki ya damu asubuhi, watu 26, kumtolea damu binti wa mwenzao. Mtoto ni SS, yaani ana ugonjwa wa selimundu (drépanocytose), alikuwa amelazwa na damu imepungua sana. Ule ulikuwa upendo wa kweli, na tunawashukuru. Lakini baada ya siku tatu walirudi na hasira: mbona mtoto amepewa mifuko miwili tu, nyingine imekwenda wapi? Maulizo ya namna hiyo yamezidi hapa Lubumbashi, na Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, inakaribia.

Damu haitoki mkononi mwako ikaingia moja kwa moja kwa mgonjwa wako. Kila mfuko unapimwa kundi, kisha Ukimwi, hepatitisi B na C, na kaswende. Ugonjwa ukionekana, mfuko unaharibiwa na mwenyewe anaitwa peke yake. Usipoonekana, mfuko unaingia friji ya nyuzi 2 hadi 6, siku 35 au 42 kulingana na dawa ya kuhifadhi iliyomo, halafu unatupwa hata kama haukutumika. Binti yule ni kundi O. Damu ya wenye A na B isingemfaa hata kidogo. Ilikwenda kwa wagonjwa wengine. Hakuna aliyeiba, jamani.

Na aliyeleta mtu wa kulipwa, tunamrudisha naye. Kama mfuko umeshajaa, unaharibiwa, bila majadiliano. Damu haiuzwi.

Chembe nyekundu za damu yako zinaishi siku 120 hivi. Za mtoto wa SS, 10 hadi 20. Anaweza kuhitaji damu tena. Mwanaume anatoa kila baada ya miezi 3, mwanamke 4. Sasa mkimaliza wote leo, na mtoto akalazwa tena baada ya miezi miwili, mifuko yenu imekwisha muda na ninyi bado hamruhusiwi. Gawaneni: watano mwezi huu, watano mwezi ujao.

Baba wa binti yule alikasirika tulipomkatalia kumtolea damu. Mzazi wa mtoto wa SS kwa kawaida ni AS mwenyewe, yaani amebeba urithi wa ugonjwa bila kuumwa, na mtoto huyo tunamtafutia damu ya mtu wa AA, asiyeubeba. Hapo mwanakwaya anaweza kufaa kuliko baba.

Jambo linalonisumbua zaidi ni aibu. Kabla ya kutoa damu tunakuuliza juu ya mwenendo wako, kwa sababu ugonjwa ulioingia juzi vipimo vinaweza kukosa kuuona; unajibu chumbani, peke yako. Kijana mmoja wa kwaya ile aliinamisha kichwa, akaniuliza polepole kama wenzake wataambiwa. Nikamwambia hapana, na kwamba leo hatatoa. Alitoka na pamba kidoleni kama wote waliopimwa wingi wa damu, akakaa nao benchi moja. Waliporudi kupanga zamu, daftari walimpa yeye aandike.