Neno "tea" kwa Mchina anayejifunza Kiingereza: dhana potofu na ukweli

Mchina anayeanza Kiingereza hukutana na neno "tea" mapema sana. Anaambiwa ni chá (茶), analiandika daftarini, anaendelea na somo. Ni neno fupi, la kitu anachokijua tangu utotoni. Kwa sababu hiyo hiyo hulichukulia kirahisi, na makosa yake huja kuonekana baadaye, dukani au mezani kwa watu.

Dhana: hóngchá (红茶) ni "red tea", maana hóng ni nyekundu.

Ukweli ni kwamba hóngchá ni "black tea". Mchina aliipa jina kwa kutazama maji yaliyo kikombeni, yenye wekundu. Mwingereza alitazama majani makavu, ambayo ni meusi. (Sisi tunaosema "chai ya rangi" tunatazama kikombe, kama Wachina.) Chai yenyewe ni ile ile: majani hunyaushwa, husokotwa au kukatwakatwa ili utomvu utoke, huachwa hewani mpaka oksijeni iyageuze rangi, kisha hukaushwa kwa joto.

Mwanafunzi akiomba "red tea" kwenye duka la Waingereza, huenda akapewa rooibos, kichaka cha Afrika Kusini kisicho na undugu na mmea wa chai, Camellia sinensis. Kosa la upande wa pili linachanganya zaidi. Wachina wana hēichá (黑茶), ambayo neno kwa neno ni "chai nyeusi", lakini hiyo ni aina nyingine kabisa: majani huvundikwa yachachuke kwa vijidudu, kama inavyofanywa kwa chai ya Pu'er iliyoivishwa ya jimbo la Yunnan. Kiingereza chake ni "dark tea". Ndiyo maana jozi hizi mbili zifundishwe siku moja, bega kwa bega: hóngchá ni "black tea", hēichá ni "dark tea". Ukifundisha moja na kuiacha nyingine, mwanafunzi atajaza pengo kwa kufasiri rangi, na atakosea.

Ajue pia kwamba ukisema "tea" peke yake katika mkahawa wa Uingereza, utaletewa chai ya majani meusi, na maziwa kando au tayari yamo. Anayetaka ya kijani lazima aseme "green tea".

Dhana: chai iliyokolea ni "thick tea".

Hii inatoka kwenye nóng (浓), neno linalobeba uzito na kukolea kwa pamoja. Kiingereza hakiunganishi mambo hayo mawili kwenye chai: kilicho "thick" ni uji au mchuzi mzito. Chai iliyokolea ni "strong tea". Kinyume chake, dàn (淡), ni "weak tea". "Light tea" ndiyo tafsiri inayowajia wengi, nayo haileti maana hiyo.

Dhana: ukialikwa "for tea", unaenda kunywa chai.

Inategemea umealikwa wapi na saa ngapi. Kaskazini mwa Uingereza, "tea" kwa familia nyingi ni mlo wa jioni wenyewe: viazi, nyama, mboga, na pengine chai haipo kabisa mezani. Mgeni aliyealikwa saa kumi na moja na nusu jioni asile kwanza nyumbani. Msemaji wa Kiswahili hashangai sana hapa, kwa sababu kwetu pia "kunywa chai" asubuhi kuna chapati au mihogo ndani yake.

Hapo hapo kuna mtego wa "high tea". Wengi, si Wachina tu, hudhani ni ile ya kifahari yenye sandwichi ndogo, skoni na keki. Hiyo ni "afternoon tea", desturi iliyoenea kwa matajiri wa Uingereza kuanzia miaka ya 1840, ikinywewa kama saa kumi alasiri. Nayo ndiyo xiàwǔchá (下午茶) ya Kichina. "High tea" ilikuwa mlo wa kushibisha wa watu waliotoka kazini jioni. Hoteli nyingi nje ya Uingereza hutumia jina hilo kuuza ile ya kifahari, na kosa linazidi kuota mizizi.

Dhana: "tea" na chá ni maneno mawili yasiyojuana.

Ni neno moja lililosomwa kwa lahaja mbili. Herufi 茶 husomwa cha kwa Kimandarini na Kikantoni, lakini kwa Kimin cha Kusini, kinachosemwa Xiamen na pwani ya jirani katika jimbo la Fujian, husomwa te. Karne ya 17 Waholanzi walinunua chai kwa wafanyabiashara wa Fujian waliofika kisiwa cha Java, wakaiita "thee", na Waingereza wakafuata. Umbo "chaa" lilikuwa limekwisha kuchapwa kwa Kiingereza mwaka 1598, ila likashindwa. Tarehe 25 Septemba 1660, Samuel Pepys wa London aliandika katika shajara yake kwamba aliagiza kikombe cha "tee", kinywaji cha China ambacho hakuwahi kukionja kabla ya hapo. Matamshi ya "tei" yaliishi muda mrefu: mwaka 1714 mshairi Alexander Pope alilipa "tea" kina kimoja na "obey" katika shairi lake.

Wapo wanaorahisisha kwamba te ilisafiri baharini na cha nchi kavu. Wareno wanaivunja kanuni hiyo: walikuja kwa meli, lakini walikaa Macau, kusini mwa China, kuanzia 1557, kwenye wasemaji wa Kikantoni, wakachukua "chá". Umbo lenye i mwishoni lilipitia Uajemi, na "chai" yetu ni ya ukoo huo.

Dhana: "pekoe" inatokana na Peking.

Haina uhusiano na mji huo, ambao leo ni Beijing. Ni báiháo (白毫) kwa matamshi ya Kimin cha Kusini, yaani manyoya meupe yanayofunika chipukizi changa. Neno hilo linapita kila wiki kwenye mnada wa chai wa Mombasa: P katika madaraja ya BP1 na PF1 ndiyo hiyo "pekoe". Vilevile "orange pekoe" haina chungwa ndani yake. Ni daraja la majani.

Dhana: "tea" haihesabiki kamwe.

Darasani hufundishwa hivyo, lakini mkahawani "two teas, please" ni Kiingereza safi, maana yake vikombe viwili. Kanuni ya darasani inabaki kwa majani yaliyo kwenye kopo na kwa kinywaji kwa ujumla: "some tea", "a lot of tea".