Nani alichagua picha iliyopanda ukutani?

Miradi ya sanaa ya watoto haiharibikii kwenye karatasi. Inaharibikia mezani, watu wazima wanapokaa kuchagua. Mimi huchora na watoto kwenye kuta za shule na zahanati, na nikiambiwa mradi fulani umewapa watoto sauti, swali langu ni moja: nani alichagua?

Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart aliiandikia UNICEF kuhusu ngazi ya ushiriki yenye vidato 8. Vitatu vya chini (mtoto kusemeshwa ya wakubwa, kufanywa pambo, kuwekwa kwa jina tu) hakuvihesabu kuwa ushiriki. Michoro mingi ninayopita njiani imekwama kwenye pambo: fundi kachora, watoto wamejaza rangi, picha ya pamoja imepigwa, mfadhili kaondoka.

Mradi wa picha wa Shootback ulikuwa tofauti. Ulianza Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, mwaka 1997: mpiga picha Lana Wong na chama cha michezo cha MYSA waliwapa vijana wa miaka 12 hadi 17 kamera za plastiki za bei nafuu. Vijana wakapiga picha za maisha yao na kuyaandika wenyewe. Mgeni mwenye kamera kubwa huona mabati na mitaro. Anayeishi pale anajua saa ambayo mama yake hucheka.

Ukutani mambo ni hayo hayo. Simuulizi mtoto "Hii ni nini?" maana atanitafutia jibu la darasani. Nasema, "Hebu nisimulie," kisha naandika nyuma ya karatasi anavyosema, sarufi ikae inavyokaa. Shule moja, binti wa darasa la nne alichora choo kisicho na mlango, na wasichana wawili nje wametandaza khanga kama pazia. "Hawa wapo zamu," akaniambia. Kwenye kikao mkubwa mmoja akapendekeza twiga. (Twiga! Kila ukuta nchi hii una twiga.) Watoto wakapiga kura kwa maharage kwenye vikopo, choo kikapita. Tukachora miraba midogo kwenye karatasi na mikubwa ukutani, wao wakahamisha mchoro mraba kwa mraba. Sisi wakubwa tukashika ngazi na kukoroga rangi.

Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinataka maoni ya mtoto yapewe uzito. Kwa hiyo mwalimu mkuu na mwenyekiti wa mtaa huwa nawaalika wakati watoto wanaeleza michoro yao, kabla rangi haijafunguliwa. Siku ya uzinduzi ni ya hotuba na soda, hakuna anayesikiliza.

Ila si kila picha ni ya ukutani. Mtoto akichora anavyopigwa au kuguswa vibaya nyumbani, karatasi hiyo haiingii kwenye kura. Haionyeshwi kwa wenzake, haipigwi picha ya simu. Inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Akiwa hapatikani, namba ya msaada kwa watoto ni 116, Tanzania na Kenya, na kupiga ni bure.