Je, wajua kompaila (programu inayokagua msimbo na kuutafsiri kwa kompyuta) ya Haskell, lugha ya kuandikia programu, ikisema "sawa" imekagua nini hasa?

Kwa muda mrefu niliamini, tena kwa majigambo, kwamba msimbo wa Haskell ukishapita kwenye kompaila basi hauna kosa. Akili mnemba iandike, kompaila ikague, mimi ninywe chai.

Sivyo. Fankisheni (kipande cha msimbo kinachopokea kitu na kutoa jibu) ya kupanga namba kutoka ndogo hadi kubwa huahidi kupokea orodha ya namba na kutoa orodha ya namba. Sasa hebu itoe orodha tupu kila mara. Kompaila itaipokea bila kunung'unika. Ikiruka namba ya kwanza, itapokewa. Ikirudisha orodha vilevile ilivyokuja, itapokewa pia. Zote ni orodha za namba, na ahadi ilikuwa hiyo tu.

Kinachokaguliwa ni aina ya kitu: ni namba, ni maneno, au ni orodha ya namba. Mfikirie fundi bomba: bomba la nusu inchi halishiki kwenye kiungo cha robo tatu, na kosa hilo huonekana kabla maji hayajafunguliwa. Lakini mabomba ya nusu inchi hushikana yote, hata fundi akipeleka bustanini maji yaliyotakiwa jikoni. Kompaila hupima mdomo wa bomba. Jikoni ni wapi, haijui.

Hata hivyo kipimo hicho si haba. Katika Haskell, lugha ya mwaka 1990, fankisheni inayogusa faili, saa au intaneti hulazimika kutaja IO (alama ya kugusa ulimwengu wa nje) kwenye aina yake. Isipotaja, jibu lake hutegemea ulichoipa tu, kwa hiyo unaweza kuikagua peke yake bila kuzunguka programu nzima. (Upo mlango wa uani, unsafePerformIO; jina lenyewe ni onyo: "unsafe" ni "si salama".)

Kisha kuna kioja ninachokipenda. Aina `a -> a` husema: nipe kitu chochote, nitakupa kitu cha aina hiyohiyo. Ukiacha programu inayoganda au kuvunjika, fankisheni ya aina hiyo ni moja tu: inayokurudishia kilekile ulichoipa. Akili mnemba haina pa kukosea.

Kwenye kupanga namba, nafasi ya kukosea ni tele. Hapo huitwa msaada wa QuickCheck, zana ya kujaribu msimbo: unaiambia urefu wa orodha usibadilike, nayo hujaribu orodha 100 za kubahatisha. Ya kwanza kwa kawaida huwa tupu, kwa hiyo ile fankisheni yetu ya kutoa orodha tupu kila mara hufaulu. Hunaswa hatua chache mbele.