Deodoranti asilia ya kujazwa tena ni kitu gani hasa?

Ulizia shabu kwa muuza dawa za asili Mombasa au Unguja, utapewa kijiwe cheupe kinachong'aa kama chumvi ya mawe. Wazee walikijua kwa kazi nyingi: kutuliza tope kwenye maji ya kisima, kufunga damu palipokwaruzwa na wembe, na kupaka kwapani baada ya kuoga ili kuzima kikwapa. Jiwe hilohilo likichongwa na kulainishwa, likatiwa kwenye kikasha, huuzwa Ulaya na Marekani kama deodoranti asilia ya fuwele ("crystal"), na zipo lebo zinazojigamba kwamba haina alumini. Sasa, shabu ni chumvi ya alumini na potasiamu. Alumini imo ndani ya jiwe tangu lilipoumbika.

Nimeanzia hapo makusudi. "Deodoranti asilia ya kujazwa tena, rafiki wa mazingira" husomeka kama sifa moja, kumbe ndani yake mna madai manne, na hakuna hata moja linalomdhamini mwenzake. Bidhaa inaweza kuwa asilia na isijazwe tena. Inaweza kujazwa tena na ikawa imetengenezwa kwa kemikali za kiwandani mwanzo mwisho. Inaweza kuwa na yote hayo mawili na bado ikakufikia kwa ndege ndani ya boksi tatu.

Deodoranti kwanza, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaponunua kitu kimoja wakitarajia kingine. Jasho lenyewe karibu halina harufu. Mwili una tezi za jasho za aina mbili. Za kwanza zimeenea ngozi nzima, hutoa maji na chumvi, na kazi yake ni kuupoza mwili. Za pili zimejazana kwapani na kinenani, nazo huamka wakati wa kubalehe. Ndiyo maana mtoto wa miaka 6 hushinda juani akicheza mpira na jioni hanuki beberu. Tezi hizi za pili hutoa majimaji mazito kidogo yenye mafuta na protini. Bakteria wanaoishi kwapani huyala, na mabaki ya mlo wao ndiyo kikwapa. Baadhi ya mabaki hayo yana salfa, ndiyo maana kikwapa kikali hukumbusha kitunguu.

Basi kuna njia tatu za kupambana nacho. Manukato hufunika. Deodoranti huwapunguza bakteria au huinasa harufu yenyewe, lakini jasho huliacha litoke. Antipaspiranti huzuia jasho: chumvi zake za alumini huyeyuka kwenye jasho, zikafanya kizibo chembamba kwenye tundu la tezi, na kizibo hicho hubanduka chenyewe baada ya muda. Kufukiza nguo udi ni ustaarabu wa watu wa pwani na mimi siuachi, ila udi juu ya kikwapa hukupa udi na kikwapa pamoja.

Kihistoria vitu hivi vilianza mbalimbali. Deodoranti ya kwanza yenye jina la biashara, Mum, ilitokea Philadelphia mwaka 1888. Ilikuwa krimu yenye zinki, unaichota kwa kidole. Antipaspiranti ya kwanza, Everdry, ilifuata 1903 ikiwa na kloridi ya alumini. Roloni tunayoijua ilikuja 1952 kwa jina la Ban, na wazo lake lilichukuliwa kwenye kalamu ya bik: kigololi kinachozunguka na kupaka. Mpaka leo sheria ya Marekani huihesabu antipaspiranti kuwa dawa, na deodoranti kuwa kipodozi. Madukani kwetu zote mbili hukaa rafu moja, zote zinaitwa deodoranti, na nyingi ya roloni hizo ukisoma nyuma ni antipaspiranti.

Mtu aliyetumia antipaspiranti miaka 10 akahamia kwenye kopo lililoandikwa "asilia", siku ya tatu atalalamika: haifanyi kazi, shati limelowa. Haikuahidi kukausha. Deodoranti asilia inayofanya kazi yake vizuri itakuacha na kwapa lenye majimaji lisilonuka. Kama kazi yako ni kusimama mbele ya watu na shati la rangi ya kijivu, lijue hilo kabla hujatoa pesa.

Wauzaji wana jibu lao kwa malalamiko haya: eti kwapa "linatoa sumu" kwa wiki kadhaa, vumilia. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo. Jasho ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa. Kinachotokea ni kwamba vizibo vya alumini vimebanduka, jasho limerudi, na jamii ya bakteria kwapani inajipanga upya. Kuvumilia siku chache ni sawa. Kuvumilia ngozi inayowaka moto kwa sababu umeambiwa ni sumu inatoka, hapana.

Na alumini je, ni mbaya? Hofu ya saratani ya matiti imezunguka kwa miaka mingi kwenye baruapepe na sasa WhatsApp. Shirika la saratani la Marekani, American Cancer Society, linasema hakuna uhusiano ulio wazi uliothibitishwa. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya inayoshughulikia vipodozi ilipitia suala hili mwaka 2020, ikaona alumini ni salama hadi asilimia 6.25 kwenye bidhaa za kwapani zisizo za kupuliza. Wenye ugonjwa wa figo ndio lebo za Marekani huwataka wamuulize daktari kwanza. Sababu za kuiacha alumini zipo, na za kawaida kabisa: ngozi kuwasha, au yale madoa ya njano kwenye shati jeupe ambayo hutokana na alumini kuchanganyika na jasho. Hizo zinatosha. Hakuna haja ya kumtisha mtu.

Neno "asilia" ndilo tupu kuliko yote. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haijaweka maana ya kisheria ya neno hilo kwa vipodozi. Zipo nembo za hiari zenye masharti yaliyoandikwa, kama COSMOS ya Ulaya, na hizo zina uzito kuliko picha ya jani kwenye lebo. Alama ya TBS au KEBS nayo ni nzuri kuiona, lakini inahusu viwango na usalama. Haikuambii kama kilichomo kimetoka shambani au kwenye mtungi wa maabara. Kilichobaki ni kusoma viambato, na hapo bidhaa nyingi hufanana: mafuta fulani, nta, unga wa kunyonya majimaji, kitu cha kupunguza bakteria, na harufu. Ukiona neno linaloanza na "aluminum" au "alum", unajua ulichoshika, hata mbele pameandikwa nini.

Mafuta ndiyo yanayoangusha bidhaa nyingi zinazotoka nchi za baridi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi. Bafuni London hayo ni siagi. Dar es Salaam mwezi wa Februari ni mchuzi. Niliwahi kutembea na kikopo cha namna hiyo kwenye mkoba, ndani ya daladala ya saa saba mchana, na nilipofika nikakuta kitambulisho, leso na noti za elfu mbili zote zimepata deodoranti, isipokuwa mimi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 na zaidi, kwa hiyo kipande kinachokusudiwa pwani kinataka nta nyingi kuliko cha Ulaya. Muuzaji asiyejua kukujibu kuhusu joto hajaitengeneza kwa ajili yako.

Kitu cha kupunguza harufu mara nyingi huwa beking soda. Inafanya kazi kwa sababu bakteria wa kwapani hawapendi mazingira yake, na pia huzituliza asidi zinazonuka. Lakini ngozi yetu kwa asili ina asidi kidogo, na soda ni kinyume chake. Ndiyo maana wengine hupata wekundu na muwasho baada ya wiki mbili, hasa wakiipaka mara tu baada ya kunyoa. Ikikutokea, tafuta iliyotengenezwa kwa haidroksidi ya magnesiamu au oksidi ya zinki badala yake. Na tafadhali, beking soda si magadi. Magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, ni makali zaidi, yaachie sufuria. Beking poda nayo ni mchanganyiko mwingine.

Harufu huwa ni mafuta ya mimea, na watu hudhani kilichotoka kwenye mmea hakidhuru. Karafuu ya Pemba ni fahari yetu, lakini eujenoli, ile inayoipa karafuu ukali wake, imo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya vitu vya manukato vinavyopaswa kutajwa kwenye lebo kwa sababu huweza kuleta mzio. Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko kwa siku mbili kabla hujapaka kwapani.

Sasa kujazwa tena. Huku wazo hili huletwa kama ugunduzi kutoka ng'ambo, na kwetu ni jambo la kila siku. Aliyekulia Tanzania au Kenya anajua soda ya chupa: bila chupa tupu, utalipia na chupa. Mafuta ya kula hupimwa dukani kwenye chupa uliyokuja nayo. Marashi Kariakoo hupimwa kutoka chupa kubwa kwenda kichupa chako. Deodoranti ya kujazwa ni hesabu hiyohiyo: ganda gumu unalinunua mara moja, kisha unanunua kilichomo tu. Wild ya Uingereza, ambayo Unilever iliinunua mwaka 2025, hutumia kikasha cha alumini na vijazio vyenye ganda linalooza. Dove, ambayo ni ya Unilever hiyohiyo, ilileta Marekani kikasha cha chuma kisichoshika kutu mwaka 2021.

Tofauti kubwa ni kwamba chupa ya soda humilikiwa na mfumo: kreti, lori, kiwanda, na bei ya chupa inayokulazimu uirudishe. Kikasha cha deodoranti kinategemea wewe na kampuni moja. Vijazio vyake havikai kwenye kikasha cha kampuni nyingine. Kampuni ikifunga, au ikibadilisha umbo, umebaki na pambo. Kutengeneza kikasha cha metali kunakula nishati na madini kuliko kopo jepesi la plastiki, kwa hiyo faida yake kwa mazingira huanza baada ya kujazwa mara nyingi. Anayekinunua, akajaza mara moja, kisha akahamia rangi mpya, angefanya vizuri zaidi na kopo la kawaida.

Ndiyo sababu swali la kwanza kwangu ni hili: kijazio nitakipata wapi miezi minane kuanzia leo? Msomaji aliye Birmingham au Toronto huenda akakipata kwa posta au supamaketi. Aliye Mwanza akiagiza kimoja kimoja kutoka Ulaya hapunguzi chochote. Mzigo wa safari umeumeza ule wa plastiki. Kwake yeye, mtengenezaji wa mjini mwake anayekubali kurudishiwa kikopo cha bati au cha kioo ana maana zaidi, hata kama hana neno "endelevu" popote.

Kuhusu "rafiki wa mazingira" sina mengi. Kopo la roloni ni gumu kurejelezwa kwa sababu ni dogo na lina plastiki za aina tofauti zilizoshikamana, gololi ikiwemo. Karatasi inayooza ni nzuri pale inapopata hewa na udongo. Ikifukiwa chini ya taka za dampo pasipo hewa hutoa methani. Kijazio cha karatasi kinataka uwe na shimo la mboji au bustani, vinginevyo umelipia ahadi. Kijazio kigumu kisicho na maji hubeba dawa nyingi kwa uzito mdogo, wakati roloni nyingi ni maji kwa sehemu kubwa, na hilo ni jambo la kweli la kuhesabu.

Kuna mambo ambayo hayauzwi kwenye kopo lolote. Kuosha kwapa kwa sabuni na kulikausha vizuri kabla ya kupaka hupunguza nusu ya kazi. Kunyoa nywele za kwapa, ambako Waislamu wanakujua kama sehemu ya fitra, hupunguza mahali pa jasho na bakteria kujishika. Na shati la polista hushika harufu kuliko la pamba. Mara nyingine anayelaumu deodoranti angelaumu shati.

Mwenye kutaka kujaribu bila kununua kikasha chochote, jikoni panatosha. Yeyusha vijiko vitatu vya mafuta ya nazi na kijiko kimoja cha nta ya nyuki juu ya maji ya moto, epua, koroga vijiko vitatu vya unga wa wanga wa muhogo na kijiko kidogo kimoja cha beking soda, mimina kwenye kikopo cha krimu kilichooshwa na kukauka. Ikilainika mno, ongeza nta mara ijayo. Mimi mwenyewe siku za nyumbani natumia kipande cha shabu kilicholoweshwa maji, ambacho kimekaa kwenye sahani yake miezi mingi na hakijaisha. Siku ya mkutano natumia roloni ya dukani yenye alumini, na silali macho kwa ajili hiyo.