Potasiamu ya Katwe imo kwenye maji yanayomwagwa

Kila msimu wa mbolea ukifika, wakulima wa Kasese, magharibi mwa Uganda, huniuliza jambo lile lile: Ziwa Katwe letu lina chumvi za kila namna, mbona potashi, yaani mbolea ya potasiamu, tunaagiza kutoka ng'ambo? Wana haki ya kuuliza. Mgomba unakula potasiamu kwa pupa, na matoke ndiyo chakula chetu. Jibu langu huwa kwamba potasiamu ipo, ila haimo katika ile chumvi nyeupe inayopakiwa kwenye magunia. Imo katika maji mazito, machungu, yanayobaki jarubani, yaani kwenye vibwawa vya kukaushia maji ya ziwa, chumvi ikishavunwa. Maji hayo humwagwa, au hurudishwa ziwani.

Ziwa Katwe limekaa ndani ya kreta na halina mto unaotoka. Maji yanayoingia huondoka kwa njia moja tu, nayo ni kupanda angani kwa jua. Chochote kilichoyeyuka ndani yake hubaki: sodiamu kwa wingi mno, potasiamu kwa kiasi, pamoja na kloridi, salfeti, kaboneti na bikaboneti. Harufu ya mayai viza inayowakimbiza wageni ni ya gesi ya salfa kutoka kwenye tope la chini. Ukikaa siku nzima pua inazoea. Kalsiamu na magnesiamu karibu hazimo, kwa sababu kaboneti huzigandisha mapema na kuzizamisha.

Kukosekana kwa magnesiamu kunabadilisha mambo mengi. Kule Bahari ya Chumvi, Israeli na Yordani hupata potashi kwa kuvuna kwanza karnaliti, madini yanayobeba potasiamu na magnesiamu pamoja, kisha kuyavunja kwa maji. Anayetaka kuleta mbinu hiyo Katwe anapoteza nauli yake. Ndugu halisi wa ziwa letu ni Searles Lake, California. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuia potashi ya Ujerumani, bei ilipaa Marekani na watu wakayakimbilia maji ya chumvi ya ziwa lile. Mkemia John Teeple na wenzake walikaa wakachora, hatua kwa hatua, ni chumvi gani inatoka wakati gani na katika joto gani. Michoro ya namna hiyo ndiyo ninayoitumia hadi leo.

Tuanze jarubani. Jua likipiga siku kadhaa, utando mweupe huelea juu ya maji. Uchote taratibu kwa kiganja uutazame: ni visahani vidogo vya mraba, kingo zimeinuka, katikati pamebonyea. Hizo ni fuwele za sodiamu kloridi, chumvi ya kawaida ya mezani. Zikizidi uzito huzama, nyingine huanza juu. Huku chini maji yanazidi kuwa mazito, na chumvi za salfeti na kaboneti hujiunga na foleni. Potasiamu bado inaogelea tu, kwa kuwa ni kidogo na maji hayajashiba nayo. Kila debe la chumvi linalovunwa linaifanya iliyobaki majini ikolee zaidi.

Ukitaka kuiona kwa macho, chovya waya safi katika maji hayo kisha uutie kwenye mwali wa gesi. Utaona njano kali tu, sodiamu inafunika kila kitu. Tazama mwali ule ule kupitia kioo cha bluu ya kobalti: njano inatoweka, na pembeni inabaki rangi ya zambarau hafifu. Hiyo ndiyo potasiamu. Nimewaonyesha akina mama wenye majaruba, na mmoja akaniambia, "Mwanangu, kumbe tumekuwa tukimwaga hela!" Nikamwambia, mama, bado si hela.

Bado, kwa sababu jua peke yake halitoshi kuitenga. Ukikausha maji yale mpaka mwisho, unapata mchanganyiko wa kila kitu. Siri iko kwenye joto na baridi. Sodiamu kloridi haijali joto: gramu 100 za maji ya nyuzi 20 huyeyusha karibu gramu 36, na yakichemka hufika 39 tu. Potasiamu kloridi hutoka 34 hadi 56. Zikiwa pamoja, zinasukumana. Gramu 100 za maji yaliyoshiba zote mbili kwenye nyuzi 100 hubeba karibu gramu 35 za potasiamu kloridi na 27 za sodiamu kloridi. Yapoze hadi nyuzi 20: sasa yana nafasi ya karibu 15 za potasiamu, na 30 za sodiamu. Kwa hiyo gramu 20 hivi za potasiamu kloridi zinaanguka chini, wakati sodiamu ina nafasi ya kubaki majini. Yachuje, na maji yaliyobaki uyarudishe kwenye mzunguko.

Hesabu hiyo ni ya kloridi mbili tupu. Katwe kuna salfeti, nayo ni msumbufu. Ikiwa bado nyingi wakati unapopoza, potasiamu huikumbatia na kutoka kama glaseriti, chumvi ya potasiamu na sodiamu pamoja. Potasiamu nyingine hujifungia katika madini yaitwayo hanksiti kwenye miamba ya chumvi chini ya ziwa. Ila ziko salfeti na kaboneti za sodiamu zinazoungana kuwa bakeiti, Na₆(CO₃)(SO₄)₂, na bakeiti ina tabia ya kinyume: maji yakipata moto, uyeyukaji wake hupungua. Chemsha maji machungu, bakeiti na sodiamu kloridi zinaanguka kwanza. Chuja yakiwa bado moto, ndipo upoze. Salfeti unaiacha kwenye kichujio kabla haijaigusa potasiamu.

Tabia hiyo hiyo ni balaa kwenye mtambo. Chumvi inayokimbia joto hugandia pale palipo na joto kuliko pote, yaani kwenye kuta za mabomba ya kuchemshia. Ongeza kloridi inayotafuna chuma cha pua. Kiwanda kilichojengwa Katwe zama hizo za miaka ya 1970 na 1980 kilikufa mabomba yake yakiwa yameliwa na maji ya ziwa, na mabaki yake yanaonekana hadi leo. Mimi nisingechemsha maji ya ziwa hata kidogo. Jua liondoe sehemu kubwa ya maji bure, moto uguse lile baki dogo la mwisho tu, katika chombo kilicho wazi ambacho mtu anaweza kukikwangua.

Fuwele zinazotoka huwa zimelowa maji ya sodiamu, kwa hiyo zinasuuzwa kwa maji baridi machache. Mengi yatakula mavuno. Potasiamu kloridi safi hutoa asilimia 63 kwa K₂O, kipimo kinachotumika kwa mbolea za potasiamu, na potashi ya dukani huwa karibu 60. Ukipima kwako ukapata 40, kilichobaki karibu chote ni chumvi ya sodiamu, na shamba halikuihitaji.

Hapo nawasihi wakulima: msichukue maji machungu na kuyamwaga kwenye migomba. Najua wapo wanaojaribu. Sodiamu kaboneti hupandisha ualkali wa udongo, udongo wa mfinyanzi unajifunga, mvua haipenyi tena, na kuurekebisha huchukua miaka. Kwa wenye majaruba wanaotaka kuanza, pipa moja linatosha: kusanyeni maji ya mwisho badala ya kuyarudisha ziwani, mpime uzito wake kwa haidromita (kipimo kinachoelea majini), myafunike mvua isiingie. Miezi ya mvua haifai kabisa, maana maji mazito hukauka polepole hata wakati wa kiangazi, na mvua moja ya usiku hurudisha kazi ya wiki nyuma.