Wijeti ni nini, na pesa yake humwendea nani?

Wijeti ni kipande cha msimbo unachokinakili kutoka huduma fulani na kukibandika ndani ya ukurasa wako wa tovuti, kikaonyesha kitu kinachokaa kwingine: video ya YouTube, ramani, kitufe cha WhatsApp, tangazo. Msomaji anakiona kwako, lakini simu yake inakwenda kukichukua kwa mwenyewe. Hapo ndipo penye jibu la nani analipwa.

Tuseme kuna ukurasa wa habari za korosho Newala. Minada ikianza Oktoba, mwenye ukurasa anabandika video ya mtu mwingine ya kubangua korosho. Watu wanamiminika, video inatazamwa, tangazo linapita. Asilimia 55 ya mapato ya tangazo hilo ni ya mwenye chaneli aliyekubaliwa kulipwa, iliyobaki ni ya YouTube. Mwenye ukurasa hapati hata senti. Akiipakua video na kuipandisha upya kwenye chaneli yake, hiyo ni kazi ya mtu, na inaweza kuondolewa kwa madai ya hakimiliki. Dawa ni kurekodi yake mwenyewe, na chaneli ifikishe wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ndipo anaweza kuomba kulipwa kwa matangazo.

Kubandika kwenyewe si kazi. Fungua YouTube kwenye kivinjari cha kompyuta, kwa sababu programu ya simu haikupi chaguo hilo. Gusa Shiriki, kisha Pachika, nakili msimbo. Ubandike upande wa HTML, yaani wa msimbo, wa ukurasa wako. Ukiubandika kwenye maandishi ya kawaida, msomaji ataona mistari ya msimbo badala ya video. Ndani yake mna width="560". Kwenye simu upana huo hutokeza nje ya kioo, kwa hiyo weka "100%" badala ya 560. Ongeza pia loading="lazy" ili video isianze kupakiwa kabla msomaji hajaikaribia. Ukurasa wenye wijeti sita au saba hula bando, na penye mtandao dhaifu msomaji hufunga kabla haujafunguka. Ikitokea "Video haipatikani", mara nyingi mwenyewe amezuia kubandikwa au ameifanya ya faragha.

Kusambaza kuna siri yake. Kiungo kikitumwa kwenye kundi la WhatsApp bila picha, wengi hukipita. Picha hiyo hutoka kwenye mstari wa og:image ulio kichwani mwa msimbo wa ukurasa. Tumia picha ya pikseli 1200 kwa 630, na uipunguze uzito, KB 300 au chini. Ukibadilisha picha baadaye, Facebook inaweza kuendelea kuonyesha ya zamani mpaka uupitishe ukurasa kwenye Sharing Debugger, zana yake ya kukagua viungo, na kuamuru usomwe upya.

Kwa mchonga vinyago wa Mtwara au mwenye nyumba ya wageni Kilwa, wijeti yenye faida ya haraka ni kitufe cha WhatsApp, wala si tangazo. Kiungo chake ni wa.me/ kikifuatiwa na namba: toa 0 ya mwanzo, weka 255, bila alama ya kujumlisha wala nafasi. Wengi hawaiondoi ile 0, mteja akibonyeza anaambiwa namba si sahihi, naye haulizi mara ya pili. Kinyago kimoja kikiuzwa, fedha inaingia siku hiyo hiyo.

Matangazo ya AdSense, huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye tovuti, yanataka subira. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma kwa posta barua yenye PIN ya kuthibitisha anwani. Andika S.L.P. unayoweza kuifungua kweli, kwa sababu miezi minne ikipita bila PIN, matangazo husimama. Malipo hutoka mapato yakifika dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, na jina la akaunti lazima lilingane na la benki. Usibofye tangazo lako mwenyewe, wala usiwaombe ndugu wa kwenye kundi la ukoo wakubofyee: mibofyo ya namna hiyo hugunduliwa na akaunti hufungwa.

Wa YouTube wajaze pia fomu ya kodi ya Marekani. Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, hivyo mapato yatokanayo na watazamaji walioko Marekani hukatwa asilimia 30. Asiyejaza anaweza kukatwa asilimia 24 ya mapato yote, hata yale ya watazamaji wa Nachingwea.