Dawa za maumivu juu ya dawa zingine: ya mtaani na ya kweli

DHANA: "Sijazidisha, mbona ni dawa tofauti tofauti?"

Boksi ndo tofauti, ndani mara nyingi ni kitu kilekile. Mtu asubuhi anameza diklopa ya mgongo, mchana kichwa kinagonga anaongeza Panadol, jioni mafua yamembana anachukua kidonge cha mafua, na hapo parasetamo imeshaingia mara tatu maana diklopa ni diklofenaki na parasetamo pamoja, na vidonge vingi vya mafua navyo vinayo humohumo. Mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa masaa 24, yani vidonge 8 vya miligramu 500 ukijumlisha vyote, na kama ini lina shida, mwili umekonda sana au pombe ni ya kila siku basi iwe chini ya hapo, muulize mfamasia. Ini likiumia halipigi kelele mapema, unaweza usihisi kitu zaidi ya kichefuchefu.

Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na piroksikamu nazo ni ukoo mmoja wa dawa za maumivu na uvimbe. Ukichanganya mbili nafuu haiongezeki, kinachoongezeka ni vidonda vya tumbo.

DHANA: "Ya presha ni ya presha, ya magoti ni ya magoti"

Hii ndo inayonikera kuliko zote. Figo inachuja damu kwa msukumo, sasa diklofenaki inabana mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio, losatani au enalaprili ya presha inalegeza ule wa kutokea, afu kidonge cha kukojoza kinapunguza maji mwilini. Moja moja figo nyingi zinavumilia, ila zikikutana zote tatu figo inaweza kufeli ndani ya siku chache tu, hasa kwa mzee, au mtu anayeharisha, au aliyeshinda juani bila maji. Na juu ya hapo diklofenaki yenyewe inapandisha presha, kwa hiyo unakuta mtu kliniki anaongezewa dozi ya presha kila akirudi wakati mkorofi ni kidonge cha goti ambacho hakuna aliyekitaja.

Hakitajwi kwa sababu gani? Kuna mama alimwaga mfuko wake pale dirisha la dawa, vipakiti vya karatasi vimeandikwa 1x3 bila jina la dawa, na kadi ya diklofenaki imekatwa nusu hata tarehe ya kuisha haionekani. Kuulizwa kama daktari wa presha anaijua hiyo akajibu, "Mwanangu, kule sikwenda kwa ajili ya mguu."

DHANA: "Nachoma sindano, tumbo halihusiki"

Linahusika. Hizi dawa za ukoo wa diklofenaki zinapunguza kinga ya ukuta wa tumbo zikishafika kwenye damu, sasa uchome au umeze zinafika kulekule. Omeprazo inasaidia tumbo, ndiyo, ila figo na presha haivilindi. Choo kikiwa cheusi kama lami usisubiri kesho, nenda hospitali.

DHANA: "Za asili hazigombani na za hospitali"

Kwanza mizizi nayo ina kemikali zake. Pili, ile inayotuliza maumivu usiku huohuo kama muujiza iogope. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu Artri King, inauzwa kama kirutubisho cha viungo, maabara ikakuta diklofenaki na deksamethasoni (steroidi, dawa inayofanya kazi kama homoni ya mwili) ambazo kwenye lebo hazipo. Mtu anayetumia kitu cha namna hiyo akiongeza diklofenaki ya dukani anajipiga dozi mbili bila kujua, na akikiacha ghafla kitu hicho chenye deksamethasoni baada ya muda mrefu anaweza kudondoka maana mwili ulishaacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Kwa hiyo hata hiyo chupa nayo ipeleke kwa daktari.

DHANA: "Nina ganzi ya miguu, daktari kanipa dawa ya wendawazimu"

Ni amitriptilini hiyo. Kwa dozi ndogo ya usiku, mara nyingi miligramu 10 hadi 25, inatuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, kama yale ya kisukari. Mdomo utakauka na usingizi utakuja, hiyo kawaida. Tatizo ni ukijiongezea tramado, dawa kali ya maumivu, ya kuomba kwa jirani, hizo mbili pamoja zinaongeza hatari ya degedege, kutetemeka na moyo kwenda mbio. Tramado na pombe, au na diazepamu ya kutuliza na kulaza usingizi, pumzi inaweza kupungua mpaka mtu asiamke. Na kama umezitumia muda mrefu usiache siku moja, zinapunguzwa kidogokidogo.

Wale wa baridi yabisi mnaomeza methotreksati: ni mara moja kwa WIKI, sio kila siku, chagueni siku. Na ukiandikiwa Septrin kwa kikohozi au mkojo, sema kabla hujalipia kwamba unatumia methotreksati, hizo mbili zikikutana uboho unaweza kuacha kutengeneza damu.